Mshumaa na Chujio la Chai

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kwenda kuanza kazi katika mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa nchi, mjomba wangu, aliyekuwa amestaafu kazi hiyohiyo, alikuja nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, akamwomba mama mshumaa na chujio la chai la waya.

Aliuwasha mshumaa, akalishusha chujio polepole hadi likaukata mwali katikati. Moshi ulipenya ukapanda juu ya waya, lakini moto ulibaki chini, umebanwa kana kwamba umefunikwa kwa bati. Alieleza kwamba waya hunyonya joto la mwali, hivyo gesi iliyo upande wa pili haipati joto la kutosha kuwaka, na kwamba kwa kanuni hiyo Humphry Davy wa Uingereza aliunda taa ya wachimbaji mwaka 1815, miaka 3 baada ya mlipuko katika mgodi wa makaa wa Felling, hukohuko Uingereza, uliowaua watu 92.

“Lakini taa haitoshi, mjomba,” aliniambia. “Kinachookoa watu ni hewa.”

Methani, gesi inayotoka kwenye makaa ya mawe, hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na kazi ya feni kubwa za mgodini ni kuizimua isikaribie kabisa kiwango hicho. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko hewa, hujikusanya juu. Mjomba alisimama, akanyoosha mkono hadi ukagusa dari, akasema kipimo cha gesi hushikwa pale, si kifuani. Feni ikizimika, watu watoke na umeme ukatwe, wala usirudishwe kabla hewa haijapimwa.

Alipofika kwenye vumbi la makaa, sauti yake ilipungua. Mlipuko mdogo wa gesi hulitimua, nalo likawaka kutoka njia moja hadi nyingine; ndiyo sababu kuta hunyunyiziwa unga wa mawe ya chokaa, ambao hauwaki. Alitaja mgodi wa Wankie, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, Juni 1972, walikokufa watu zaidi ya 400, wengi wao wakibaki humohumo chini.

Mama aliuliza ingekuwaje iwapo msimamizi angekataza watu wasitoke. Mjomba alijibu kwamba yeye aliwahi kuitoa zamu yake nzima huku akifokewa, na mshahara wa siku ile ukakatwa, jambo ambalo hadi leo naliona kuwa dhuluma kubwa. Mama aliniapisha palepale kwamba nami nitafanya vivyo hivyo.