Bibi wa Muheza na noti za Lungalunga

Nilikwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yangu. Harusi ilifana, lakini siandiki habari za harusi. Naandika kwa sababu ya bibi mmoja wa Muheza niliyekaa naye kiti kimoja, na yaliyompata pale mpakani, maana ninaamini yanawapata wengi na hawasemi.

Dar nitaipita haraka. Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis ilifunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, na wapiga debe wakahama nayo. Sijashuka vizuri kwenye bodaboda, kijana ameshalidaka begi langu, ananiambia basi la Tanga limebaki moja, viti viwili, nauli 28,000. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vya Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350. Piga hesabu: la kawaida halifiki 17,000, la kati halifiki 24,000. Nilichukua begi langu, nikaenda dirishani mwenyewe, nikakata tiketi ya mtandao yenye jina langu, namba ya kiti na kiasi nilicholipa. Msikubali kupanda bila tiketi hiyo, hata kama kondakta anasema atakuandikia njiani. Likitokea la kutokea barabarani, karatasi hiyo ndiyo inayosema ulikuwemo ndani ya gari.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wanaipenda safari ya usiku kwa kuokoa hela ya kulala. Mimi bado nasafiri mchana. Nataka nimwone dereva anavyolipita lori.

Pale Segera chakula ni ghali kupita kiasi. Sahani ya chipsi na kipande cha kuku kilichokauka bei yake ni ya hoteli ya mjini, na basi linakupa dakika chache za kula, kwa hiyo hata kulalamika huna muda. Mwenye kutaka kuokoa pesa abebe chakula chake tangu nyumbani.

Tanga nilikaa kwa mama mdogo, nikala, nikalala. Shughuli niliyofanya ni moja tu, ya pesa. Maduka mengi ya kubadilishia fedha kwenye miji yetu yalifungwa katika operesheni za mwaka 2018 na 2019. Nilikwenda benki, nikapanga foleni, nikauliza bei ya siku: shilingi ya Kenya moja ilikuwa inapatikana kwa kama 20 na nusu za kwetu. Nikabadilisha ya nauli na chakula cha siku ya kwanza. Iliyobaki nilimtumia binamu yangu kwa simu, maana tangu 2015 M-Pesa ya Vodacom inatuma kwenye M-Pesa ya Safaricom. Makato yapo na yanauma, lakini pesa iliyoko kwenye simu ya ndugu yako Kisauni haiwezi kuchomolewa mfukoni mwako njiani.

Basi la Mombasa liliondoka Tanga asubuhi. Bibi alikuwa ameshakaa dirishani, na kikapu cha machungwa miguuni. Nikamwamkia, akaitika, kisha kabla hatujafika mbali nikawa najua kwamba binti yake amejifungua Mombasa, mtoto wa kiume, na kwamba yeye anakwenda kumkandia mzazi maji. Alikuwa hajavuka mpaka tangu ujana wake. Pasi yake ilikuwa mpya kabisa, ile ya kielektroniki ya shilingi 150,000, na alinionyesha kwa heshima kubwa kama anayeonyesha cheti cha ndoa. Pesa zake alizifunga kibindoni: 400,000, za machungwa ya msimu mzima.

Mpakani, pale Lungalunga, tulishuka wote tukaenda kugonga mihuri. Foleni ilikuwa ndefu, na bibi alinitangulia kwa sababu askari mmoja mwenye utu alimwona mzee akamvusha mbele. Kwa hiyo mimi nilipokuwa bado nasubiri dirishani, yeye alikuwa ameshatoka nje, upande wa Kenya, peke yake, kwenye jua, katikati ya vijana wa kuchenji.

Hao hawakunyang'anyi kitu. Wanakuita mama, wanakubebea kikapu, wanakuletea kiti. Wanachokuondolea ni utulivu. Mmoja anakutajia bei, wa pili anakwambia huyo mwongo njoo kwangu, wa tatu anakwambia basi lako linawasha moto. Na kweli dereva anapiga honi. Hapo mtu aliyelima mwaka mzima anakabidhi jasho lake kwa mtu asiyemjua, huku anaangalia basi.

Niliporudi kwenye kiti, bibi alinipa bunda lililokunjwa katikati, akasema, "Mwanangu, nihesabie. Amenihesabia yeye mbele yangu, ni elfu kumi na tisa, ila macho yangu haya hayana tena nguvu."

Nikahesabu. Zilikuwa noti za elfu moja, nazo zilikuwa kumi na saba. Nikarudia, kumi na saba. Huu ndio ufundi wa kukunja: noti zinazokunjwa katikati zinahesabiwa ncha mbili, na vidole vyenye mazoea vinazihesabu upesi mbele ya macho yako. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, ndipo mzee wa kiti cha nyuma, mtu wa Mombasa mwenye kofia ya viua, akainama mbele akaniuliza, "Hebu nione hizo."

Akazipanga juu ya goti lake mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa na picha ya jengo la KICC. Fungu la pili lilikuwa na sura kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta. Fungu hili la pili lilikuwa na noti sita.

"Hizi sita," akasema, "ni za kitambo. Haziendi dukani wala benki."

Bibi alidhani anatania. Mzee akamweleza taratibu. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza noti kubeba sura ya mtu, ndiyo maana mwaka 2019 zilitoka noti mpya. Noti za zamani za elfu moja, na hizo peke yake, zilipewa mwisho wa tarehe 30 Septemba 2019. Baada ya hapo ni karatasi. Kinachowachanganya wageni ni kwamba noti za zamani za mia mbili, za mia tano, za mia na za hamsini hazikufutwa. Unaweza kupewa chenji yenye sura ya Mzee Kenyatta ya mia mbili na ukanunua nayo maji bila neno, kisha ukaamini kwamba elfu yenye sura ileile nayo ni nzima. Wale vijana wanalijua hilo. Pia wanajua kwamba rangi ya elfu mpya na elfu ya zamani ni ya kahawia zote mbili.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi. Bibi alitoa 400,000, ambazo kwa bei ya benki zingempa kama 19,500 za Kenya. Mkononi alikuwa na 11,000 zinazotumika. Kwa pesa za kwetu alikuwa amepoteza zaidi ya 170,000 katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Yule mzee alisimama akamwambia dereva kwamba gari haliondoki. Namshukuru dereva, alizima moto. Siwashukuru abiria wenzangu. Wapo waliopiga kelele kwamba tunawachelewesha kwa uzembe wa mtu mmoja, na mama mmoja kijana, aliyevaa vizuri sana, alisema watu wa shamba wakae shamba. Nilimjibu, na maneno niliyomjibu sitayaandika hapa.

Tukashuka watatu. Yule kijana alikuwa hajakwenda mbali, alikuwa anambembeleza abiria wa basi jingine. Kwanza alikana kumjua bibi. Kisha akasema alimjua lakini noti hizo si zake, bibi kazitoa kwao. Mzee akamuuliza kwa upole sana mtu anayelima machungwa Muheza angezipata wapi noti za Kenya zilizokufa. Watu wakaanza kukusanyika. Nikaona askari polisi anakuja upande wetu, na kijana naye akamwona. Zile noti sita zilibadilishwa haraka kuliko zilivyotolewa, zikaja mpya zote, nikazihesabu zikiwa zimenyooka, moja moja, na bibi akazishika mwenyewe.

Mbili zilizopungua alikataa katakata. Alisema alitoa kumi na tisa na bibi kazidondosha. Mzee alitaka kuendelea, lakini bibi alimshika mkono akasema, "Baba, basi. Mjukuu wangu ananingoja." Tukapanda. Kuanzia hapo hadi Msambweni hakusema neno, na tulipofika kule akafungua kikapu akaanza kugawa machungwa kwa gari zima, hata kwa yule mama kijana.

Nilimuuliza mzee namna yeye anavyofanya, kwa kuwa huvuka mara kwa mara kwenda kwa wakwe zake Pangani. Alisema hachenji mpakani kamwe. Akilazimika, huchenji kiasi cha nauli tu, tena akiwa ndani ya basi ameketi, na haitoi pesa yake mpaka ameipokea ya mwenzake, ameinyoosha na kuihesabu kwa mkono wake. Mchenjaji akiirudisha mkononi mwake "kuhakikisha", anaanza kuhesabu upya, kwa sababu noti hupunguzwa pale pale. Na akiona bei inazidi ya benki, anajua hapo pana namna, kwa maana hakuna mtu anayekaa juani kutwa nzima ili akupe faida wewe.

Likoni abiria tulishuka tukavuka kwa miguu, maana wanaotembea hawalipi kitu kwenye kivuko kile. Mzee alimshika bibi mkono wa kulia, mimi nikabeba kikapu, begi nimeligeuzia kifuani. Umati wa pale hauna mchezo, simu usiitoe hata ikilia. Mkwe wake bibi alikuwa anatusubiri juu, akanikumbatia kama aliyenijua zamani.

Mombasa nililala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni eneo la Mwembe Tayari kabla ya kuhamia kwa ndugu, na naomba niseme kwamba chumba kisicho na feni katika joto la pwani hakistahili hata nusu ya bei waliyonitoza. Matatu hupandisha nauli mvua ikinyesha na jioni watu wakitoka kazini, kwa hiyo uliza kabla hujaingia. Tuktuk patana nayo kabla hujakaa. Mahamri na mbaazi za asubuhi, hizo nazisifu, na bei yake ni ya haki.

Siku ya kurudi, nje ya ofisi za mpakani, kishoka mmoja alikuwa amemweka kati kijana wa chuo, kadi ya njano mkononi. Kuingia Tanzania ukitokea Kenya unaweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kishoka alikuwa anamwambia cha kwake kimekwisha kwa sababu kimepita miaka kumi, atoe pesa apate kingine hapo hapo, bila sindano. Nilimwambia yule kijana mbele ya kishoka kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha, hata kilichoandikwa miaka kumi. Akaenda nacho dirishani, akapita. Wakati wa kwenda walimpa bibi noti iliyokufa wakamwambia ni hai. Wakati wa kurudi, kadi iliyo hai wanaambiwa watu kwamba imekufa.

Nilipofika Dar nikatuma kwenye kundi la ukoo picha mbili za elfu moja ya Kenya, ya zamani na mpya, nikaeleza kisa chote. Watu wakashukuru. Usiku mjomba wangu wa Lushoto, ambaye simu yake hutumiwa na wajukuu, akatuma picha yake naye. Noti tano za shilingi elfu kumi za kwetu, toleo la mwaka 2003, zimepangwa juu ya mkeka. Aliziweka akiba kwenye kopo tangu alipouza ndama. Akauliza kama hizi nazo zina neno.

Zina neno. Benki Kuu yetu ilizipa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, muda wa kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na muda ulipokwisha zikaacha kuwa pesa halali. Miezi mitatu. Tangazo lilipita redioni, magazetini na mitandaoni, na mimi mwenyewe nililisoma nikiwa nimekaa Dar. Lakini mzee wa kijiji cha Usambara ambaye benki iliyo karibu naye ni ya nauli ya kwenda na kurudi, alipaswa kuambiwa kwenye gulio, kwenye mkutano wa kijiji, msikitini na kanisani, na mtu aliyebeba noti zenyewe mkononi akazionyesha. Nilimpigia mjomba asubuhi. Aliniambia redio yake iliharibika kabla ya mfungo wa mwaka ule, na fundi hajairudisha hadi leo.