Kuifuata Amri ya Mfalme Hadi Ofisi ya Wilaya

Kwa miaka mingi nimefundisha chuo kikuu historia ya serikali ya China ya kifalme, na karibu muda wote huo nimeitazama serikali hiyo kutoka juu: mfalme, Baraza Kuu, wizara sita, magavana wa majimbo. Ndivyo vitabu vingi vinavyoieleza, na ndivyo nilivyofundishwa mwenyewe nilipokwenda Beijing kwa ufadhili wa masomo nikiwa kijana. Safari ninayoisimulia hapa niliipanga kwa nia nyingine. Nilitaka kushuka pamoja na waraka, kuanzia mezani kwa mfalme wa enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme kuitawala China, hadi wilayani, nikaone ni nani hasa aliyeushika mwisho wa njia.

Nilianzia Beijing, kwenye Hifadhi ya Kwanza ya Nyaraka za Kihistoria, ambayo mwaka 2021 ilihamia jengo jipya kaskazini mwa Hekalu la Mbingu baada ya kukaa miongo mingi ndani ya kuta za kasri. Humo mna nyaraka zaidi ya milioni 10, na takribani moja ya tano zimeandikwa kwa Kimanchu, lugha ya watawala wenyewe. Nyingi husomwa kwenye skrini siku hizi, jambo linaloyaokoa makaratasi lakini linalomnyima msomaji harufu yake. Hata hivyo, ni bahati kwamba nyaraka za kasri zimetufikia kwa wingi huu, kwani mwaka 1921 magunia yapata 8,000 ya hati za serikali yaliuzwa kwa bei ya karatasi chakavu, na mwaka uliofuata mwanazuoni Luo Zhenyu akalazimika kuyanunua upya kwa mara tatu ya bei ile. Hati hizo baadaye zilipita mikono mingine, na sehemu yake sasa iko Taipei.

Nilichokifuata Beijing ni barua za siri za magavana. Gavana aliandika taarifa yake, akaifungia katika kasha lenye kufuli, na ufunguo wa pili ulikuwa kwa mfalme. Mfalme aliisoma, akajibu kwa wino mwekundu pembeni au katikati ya mistari, kisha akairudisha kwa mwandishi, naye baada ya kuisoma alitakiwa kuirejesha kasri. Yongzheng, aliyetawala hadi 1735, ndiye aliyeifanya kazi hii kwa bidii kuliko wote. Katika mwaka wa pili wa utawala wake alimwandikia Tian Wenjing, gavana wa Henan: “Mimi ndivyo nilivyo mtu, ndivyo ilivyo tabia yangu, ndivyo nilivyo mfalme. Ninyi mawaziri msiponisaliti, nami sitawasaliti kamwe.” Nimewasomea wanafunzi maneno hayo mara nyingi, na sijawahi kuyachoka, kwa kuwa ni nadra mtawala wa dola kubwa namna ile kusikika akizungumza kama mtu anayegonga meza.

Kutoka Beijing nilipanda treni kwenda Henan, jimbo la Tian Wenjing. Mzee aliyeketi kando yangu, aliposikia kwamba ninatoka Afrika Mashariki, alianza mara moja habari za baharia wa China Zheng He na twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415. Hukutana na habari hiyo popote niendapo, na huwa najibu kwamba kinachonivutia zaidi ni makaratasi yake: Waziri wa Ibada aliomba ruhusa ya kumpongeza mfalme kwa barua rasmi, na mfalme Yongle akakataa, akisema mnyama yule awepo au asiwepo hakuna kinachoongezeka wala kupungua. Mzee alicheka, akanimiminia chai.

Nilishuka Nanyang, nikachukua basi hadi Neixiang, ambako ofisi ya wilaya ya zamani imehifadhiwa kama makumbusho. Ilianzishwa mwaka 1304, ingawa majengo mengi yanayoonekana leo yalijengwa upya miaka ya 1890 chini ya hakimu Zhang Bingtao. Sakafuni, mbele ya meza ya hakimu, kuna mawe mawili ya kupigia magoti: la mashariki la mlalamikaji, la magharibi la mlalamikiwa. Niliinama nikayagusa, na nilisimama pale muda mrefu kuliko niliosimama mbele ya kiti chochote cha mfalme.

Msomaji anayemkumbuka Bwana Shauri wa zama za ukoloni ataielewa upesi kazi ya hakimu huyo, aliyekusanya kodi, akaamua kesi, akasimamia mitihani ya awali na kuangalia ghala za nafaka, yote peke yake kwa niaba ya dola. Chini yake hapakuwa na ofisa mwingine aliyeteuliwa na Beijing isipokuwa wasaidizi wachache. Sheria ilimkataza kutumikia jimbo alikozaliwa, hivyo mara nyingi alifika mahali asipojua hata lafudhi ya watu, na baada ya miaka michache, pengine chini ya mitatu, alihamishwa. Mshahara wake wa kawaida ulikuwa wakia 45 za madini ya fedha kwa mwaka, hadi Yongzheng alipoongeza posho kubwa ya kumzuia asile rushwa. Kwenye nguzo za ukumbi wa ndani kuna maandishi yanayomkanya asiwadharau raia kwa kuwa yeye mwenyewe ni raia. Ni maneno mazuri, lakini hayawalipi makarani.

Na makarani ndio walionipeleka Sichuan. Katika mji wa Nanchong, kando ya mto Jialing, kumehifadhiwa majalada zaidi ya 18,000 ya wilaya ya Nanbu, kuanzia 1656 hadi 1911, yaliyopangwa kwa idara zilizoiga wizara sita za Beijing, pamoja na idara ya chumvi kwa sababu ya visima vya chumvi vya huko. Malalamiko yaliandikwa kwenye fomu yenye miraba, herufi moja kila mraba, na mwandishi aliyeidhinishwa akagonga mhuri wake. Hakimu naye alitia alama za wino mwekundu kwenye hati ya kuwaita wahusika, kisha matarishi wakaondoka nayo kwenda vijijini.

Hapo ndipo waraka ulipowafikia watu, na waliokuwa nao mikononi walikuwa wenyeji ambao hawakuteuliwa na mfalme, walijua kila ukoo na kila mpaka wa shamba, na waliishi kwa ada walizotoza wenye kesi. Mahakimu walikuja na kuondoka, makarani wakabaki. Maofisa wa enzi ile waliwaita wezi, na wanahistoria wengi wamelirudia neno hilo bila kuuliza kazi ingefanywa na nani wasingekuwepo. Kwa sababu hiyo nilipotoka Nanchong nilikwenda Chengdu kuomba majalada ya wilaya ya Ba, yapata 113,000, ambamo makarani wenyewe wanashtakiana mbele ya hakimu juu ya nani ana haki ya nafasi ipi na ada ya kesi ipi, wakitaja kanuni walizojiwekea na ambazo hazimo katika sheria yoyote ya dola.