Njia ya Mtaa Wetu Ilivyoingia Kwenye Mchoro wa Mipango Miji

Mtu akikuambia "jiji limekataa", muulize nani hasa kakataa: mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, kamati ya mipango miji au baraza la madiwani lenyewe? Mara nyingi atabaki anakutazama, maana ombi lake la njia halijafika kwenye kikao hata kimoja.

Mtaa wetu hapa Mbeya uko upande wa mlima Loleza. Watu walinunua vipande kwa wenyeji, hatua ishirini kwa thelathini, karatasi ya mauziano ikaandikwa mbele ya balozi, kila mtu akajenga. Njia hakuna aliyeiuza wala aliyeinunua. Ilikuwa ni ile nafasi iliyobaki kati ya kuta. Kiangazi bajaji inapanda kwa kubahatisha. Mvua zikianza Novemba mpaka Mei huko, mama mjamzito anateremshwa kwa kushikwa mikono, na msiba ukitokea jeneza linabebwa mabegani hadi barabarani, hata kama familia ina hela ya gari.

Urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa kiholela ili watu wapate hati, ulipofika nikaingizwa kwenye kamati ya mtaa. Wenzangu wengi walikuwa wanaiwazia hati, wapate cha kupeleka benki. Mimi niliiwazia njia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, zikishapandwa na hati zikatoka, kila mita ina mwenyewe kisheria, na kuipata tena ni habari ya fidia ambayo hakuna wa kuilipa. Kabla ya mchoro kupitishwa, majirani bado wanaweza kuachiana kwa maelewano.

Kazi ikawa kupima. Mpimaji alitaka njia ya mita sita, na kuna sehemu tulikuwa na mita mbili na ushee. Kwa mama mmoja mwenye uzio wa mabanzi na migomba nyuma yake, futi ilipovutwa ikaingia ndani ya migomba. Akaikanyaga kwa kandambili, akauliza, "Na huyu wa ng'ambo anatoa ngapi?" Tukamwambia wa ng'ambo ana ukuta wa tofali. "Mwanangu, njia mimi siikatai. Nakataa kuonekana mjinga."

Alikuwa na haki yake. Toka siku hiyo tukaacha kuanza na wenye uzio wa miti. Tukavuta kamba katikati ya njia kutoka chini mpaka juu, tukapima mita tatu kila upande, na mwenye tofali akaonyeshwa kwanza. Alama tulitumia vigingi vya miti. Fundi mmoja alikuja na kopo la rangi nyekundu tukamzuia. Toka kazi ya barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi ianze, hapa mjini ukichora alama nyekundu ukutani kwa mtu, presha yake inapanda kabla hujamsalimia.

Sehemu moja kamba ilipita juu ya kaburi. Mzee mwenye nyumba hakusema neno, alisimama tu pale kavua kofia. Tukaikunja njia. Mpimaji akalalamika kuhusu kona, lakini kona ile ndiyo ilitupatia sahihi za ukoo mzima.

Sasa karatasi. Muhtasari wa kwanza wa mkutano wa mtaa tuliuandika wenyewe: "wananchi wanaomba barabara". Mtendaji wa mtaa, dada mdogo tu kiumri, akausoma mpaka mwisho akaurudisha mezani. Akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, ilitimia? Orodha ya waliohudhuria iko wapi? Njia inaanzia wapi, inaishia wapi? "Kaka, kuomba kila mtu anaomba. Andikeni mkutano umeridhia nini." Tukaandika upya: mkutano umeridhia kutenga njia ya mita sita, kutoka sehemu fulani hadi sehemu fulani, na wafuatao wametoa maeneo yao bila kudai fidia. Chini, kila mmoja jina lake, mita alizotoa, sahihi au dole gumba. Mwenyekiti akasaini, mhuri ukagongwa. Nikatoa kopi, moja ikabaki kwangu. Kila ofisi iliyofuata, swali la kwanza lilikuwa muhtasari uko wapi.

Kwenye kata tulibaki nje. Kamati ya maendeleo ya kata inaongozwa na diwani, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, hivyo wetu aliingia na karatasi yetu. Kutoka hapo ikaenda kwa wataalamu wa halmashauri, halafu Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, halafu baraza la madiwani, linalokaa kila robo mwaka. Siku ya baraza nilikwenda. Mwananchi unaruhusiwa kukaa kusikiliza, kuongea huruhusiwi. Nilitegemea mjadala wa njia yetu. Ikapita ndani ya taarifa ya kamati, ukurasa umefunguliwa, ukurasa umefungwa, wajumbe wameafiki. Anayekwenda kupigania jambo lake siku ya baraza amechelewa. Ugomvi wetu tulishaumaliza kwenye migomba ya yule mama. Mchoro nao ukaenda ofisi ya ardhi ya mkoa kuidhinishwa.

Njia kuwa kwenye mchoro si kwamba greda linakuja. Toka mwaka 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo kumkaba diwani shati kuhusu greda ni kumwonea, ingawa wengi bado wanamkaba. Tukapeleka mchoro na muhtasari TARURA, tukaomba njia iingizwe kwenye mtandao wa barabara. Wakati nao una maana: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele vinakusanywa miezi mingi kabla. Ukipeleka ombi Juni, unaomba ya mwaka mwingine.

Mhandisi alipokuja, mita sita zetu hazikumsumbua. Aliuliza, "Maji mnayapeleka wapi?" Kwenye mteremko kama wetu njia isiyo na mtaro ni mto wa masika. Tulitaka kuyamwaga chini kwenye kijito, na pale kuna vibanda vimesogea mno, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mazungumzo na wenye vibanda yalichukua muda kuliko kupima njia yote.

Greda limepita, kifusi kimemwagwa nusu ya kwanza, mtaro wa mawe uko upande mmoja. Huku juu njia inagota kwenye uzio wa bwana mmoja aliyekataa toka mwanzo, na sasa wanaobanana naye ni majirani zake wa nyuma, siyo kamati. Kwenye mkutano ujao wa mtaa ajenda ni kalavati pale chini. Mtendaji ameshatuma ujumbe: tuje na akidi.