Kila Chujio Lipimwe Peke Yake

Bibi yangu wa Bahi hakuwahi kumiliki kipimo chochote cha maji, lakini kupima alijua. Kiangazi, mto ulipokauka, alichimba shimo kwenye mchanga, na maji yalipoanza kujikusanya chini alichota kata za kwanza akazimwaga, moja baada ya nyingine, hadi alipoiona vizuri sakafu ya shimo kupitia maji yenyewe. Ndipo alipojaza ndoo. Nilimkumbuka sana miaka ya baadaye, nilipokuwa fundi wa maabara katika mtambo wa kutibu maji ya mto, kwa sababu chujio la mchanga likishaoshwa hufanya vivyo hivyo: maji yake ya kwanza huwa na ukungu, na yasipomwagwa huenda moja kwa moja kwa mlaji.

Ukungu huo ndio mafundi tunauita tabiditi, nao hupimwa kwa kizio kiitwacho NTU. Kipima hupitisha mwanga ndani ya kichupa cha maji na kusoma kiasi cha mwanga kinachotawanywa pembeni na chembe zinazoelea. Jicho la binadamu huanza kuuona ukungu kwenye takribani NTU 4, wakati Shirika la Afya Duniani linataka maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini, na mitambo mikubwa iliyo na uwezo ishuke chini ya 0.5. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kung'aa ndani ya glasi huku chujio likiwa limeshindwa kazi.

Katika mtambo ule tulikuwa na machujio manne, na sampuli ilichukuliwa mahali pamoja tu, kwenye bomba ambamo maji ya yote manne hukutana. Daftari la zamu lilionyesha 0.3 siku hadi siku, tukaridhika. Siku moja nilizunguka na kipima cha mkononi, nikachota kwenye kila chujio. Matatu yalisoma 0.1, na la nne likasoma 0.9. Ukijumlisha na kugawa kwa nne unapata 0.3 ileile tuliyokuwa tukiiandika kwa fahari. Tulipolikausha chujio hilo tulikuta sehemu ya mchanga wake imehama, na maji yalikuwa yakipita humo bila kuchujwa. Sijui hali hiyo ilikuwa imedumu kwa muda gani, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Linaniuma kwa sababu klorini haiokoi kila kitu. Kimelea kinachoitwa kriptosporidiamu huistahimili klorini kwa kipimo kinachotumika kwa kawaida kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo katika mitambo ya aina yetu chujio ndilo ukuta wa kukizuia. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, kimelea hicho kilipita katika mtambo mmoja wakati tabiditi ya maji yaliyochujwa ilipopanda, na watu wapatao 400,000 walikadiriwa kuugua. Kanuni iliyotolewa nchini humo mwaka 1998 inaitaka mitambo mikubwa inayotumia maji ya juu ya ardhi ipime kila chujio peke yake, kila baada ya dakika 15. Chujio likisoma zaidi ya NTU 1 mara mbili mfululizo, namba yake, tarehe na vipimo vyenyewe hupelekwa kwa mamlaka ya jimbo. Likirudia hivyo miezi mitatu mfululizo, mtambo hulazimika kulichunguza chujio hilo ndani ya siku 14 na kueleza limeshindwa wapi. Hicho ndicho ninachokipenda katika kanuni ile: taarifa inalitaja chujio lenyewe, haiufichi ugonjwa wake ndani ya wastani.

Kwa nini nayaandika haya nikiwa Dodoma, mji ambao kwa miongo mingi umekunywa maji ya visima vya Mzakwe? Kwa sababu visima havitautosha mji unaokua hivi, na macho yameelekezwa kwenye Bwawa la Farkwa wilayani Chemba, litakalokinga maji ya Mto Bubu. Mto huo unapita katika nchi ya Kondoa, ambako mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Anayetaka kujua mvua zetu zinabeba nini akalitazame Bwawa la Hombolo na tope lililojaa humo. Maji ya aina hiyo hubadilika ndani ya saa chache, shabu inayotiwa ili kulikusanya tope ikitosha asubuhi haitoshi jioni, na chujio la kwanza kuchoka halisubiri sampuli ya kesho.

Ombi langu kwa wahandisi wa mtambo utakaotibu maji hayo ni la mambo mawili madogo, na ni la sasa. Kwenye kila chujio pawe na bomba jembamba la sampuli linaloelekea kwenye kipima chake chenyewe, na pawe na njia ya kuyamwaga maji ya kwanza baada ya kuosha. Kwenye michoro ni mistari michache, lakini mtambo ukishajengwa itabidi kuvunja zege.