Mzee wa theluji na tuta la Mambrui

Disemba 2009 nlikuwa bado natembeza wageni hapa Malindi, Kitaliano changu cha kuokoteza ufukweni, na siku hiyo nkapata mzee mmoja wa kutoka milima ya Alps kule Ulaya ambaye kwao kazi yake ilikuwa kuongoza watu milimani wakati wa theluji. Nkamvusha Sabaki na tuktuk mpaka Mambrui kwenye matuta ya mchanga, nikijua atapiga picha zake turudi kabla jua halijawa kali. Kufika tu akakataa kupanda. Na tuta lenyewe watoto wanaliteleza na magunia! Nkasema moyoni huyu mzee magoti yamekwisha.

Kumbe anaangalia. Usiku mvua ilinyesha, mchanga wa juu umeloa umeshikana, wa chini bado mkavu. Akaazima koleo la mtoto mmoja aliyekuwa akichimba pale, akachonga nguzo pembeni mwa tuta, kama sm 30 kila upande, akaweka koleo juu yake akaanza kugonga. Mara 10 za kifundo cha mkono tu, taratibu, halafu 10 za kuanzia kiwiko, halafu zingebaki 10 za kuanzia bega. Anahesabu kwa sauti na mie nahesabu naye, uno, due, watu wanatutazama. Kufika 14 tabaka la juu likachomoka likateleza zima zima kama kipande cha boflo.

Akanieleza kule kwao theluji inaweza kuwa si nyingi na ikaporomoka ikaua, shida ni tabaka dhaifu lililofunikwa chini halafu upepo umerundika gumu juu yake. Hapo nkamwelewa upesi, si tunaona kaskazi na kusi zinavyohamisha mchanga, upande unaopigwa unaliwa, wa nyuma unajaa. Mteremko wa digrii 30 mpaka 45 ndo mbaya zaidi, na ukikanyaga ukasikia mlio mzito kama mtu kajitupa kwenye godoro, geuka hapo hapo. Mara nyingi poromoko analianzisha yule yule linalomfukia, ama mwenzake, na zikipita dakika 15 hivi nafasi ya kutolewa hai inashuka vibaya, ndo maana kila mtu anabeba kifaa cha redio mwilini cha kutafutiwa akifukiwa, koleo, na fimbo ndefu ya kudungia theluji.

Kilichonishangaza zaidi ni ngazi zao za kupima hatari ya poromoko. Ziko 5, ya 5 ndo kali kabisa, mie nkadhani wengi wanakufa siku ya ngazi ya 5. Wapi! Ni ya 3. Siku ya 5 watu wanakaa ndani wanakunywa kahawa, ya 3 kila mtu anajiona fundi.

Mwenyewe alisema mchanga si theluji, ile ya kwao inabadilika ndani kwa ndani kila siku, hapa alikuwa ananionesha tu. Lakini juu hakupanda ng'o, tukazunguka kwa chini, jua linatuchoma.

Njiani nkamuuliza, je mzee, wewe ushawahi kukosea?

Akatembea kitambo. Mara moja, akasema, na ilikuwa siku ya 3. Kisha akauliza madafu yanauzwa wapi.