Tambi na makaroni: moto ndani ya mizinga miwili ya Fort Jesus

Pale Fort Jesus kuna mizinga miwili ya manowari ambayo wageni huipiga picha na kupita. Mmoja ni wa Königsberg ya Wajerumani; wa pili ni wa Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa na hiyohiyo Königsberg huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Utamu umo tumboni. Wa Mwingereza ulilishwa baruti ya nyuzi, tambi tupu. Wa Mjerumani ulikula mirija, yaani makaroni.

Zote mbili ni baruti isiyo na moshi, nayo huungua kwenye ngozi yake, tabaka baada ya tabaka, na shinikizo likipanda nayo huungua mbio zaidi. Tambi hukonda kila inapoungua, kwa hiyo ngozi hupungua wakati kombora ndio kwanza linataka kusukumwa. Makaroni huliwa nje na ndani kwa pamoja: nje hunywea, tundu hupanuka, eneo hubaki karibu lilelile. Punje, yaani kipande cha baruti, yenye matundu 7 ni hodari zaidi, maana eneo lake huongezeka mpaka kuta za matundu zikutane.

Tupige hesabu ya mzinga wa Königsberg: kipenyo milimita 105, kombora kilo 17.4, kasi mdomoni kama mita 690 kwa sekunde. Hiyo ni nishati ya megajuli 4.1. Tukichukua safari ya mita 3.3 ndani ya mtutu, wastani wa shinikizo ni ba 1,450 hivi (ba moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida). Kilele huwa juu zaidi, tena huja mapema, kombora likiwa bado jirani na chemba, yaani chumba kinamoungulia baruti. Tangu lisogee hadi litoke hazifiki milisekunde 10.

Lakini uwashaji mbaya nao unaweza kuvunja mzinga. Fataki, kiwashio kidogo, huwasha baruti nyeusi, nayo huwasha shehena kuu, yaani ile baruti ya kusukuma kombora. Moto ukishika upande wa nyuma tu, gesi huisukuma baruti ambayo haijawaka mpaka ijibamize kwenye kitako cha kombora. Punje huvunjika, hasa kwenye baridi kali zinapokuwa kavu kama biskuti. Ngozi mpya hufunuka ghafla, na shinikizo huruka. Ndiyo maana mizinga mikubwa huwekewa mrija wa kuwashia katikati ya shehena, wenye matundu urefu wote, moto ushike kila mahali kwa mkupuo.

Kuligundua tatizo, weka vipimo viwili vya shinikizo, nyuma na mbele ya chemba, kisha toa cha mbele kwenye cha nyuma. Jibu likishuka chini ya sifuri, wimbi la shinikizo limeshapiga mbele na linarudi. Usiongeze baruti hata gramu moja kabla ya kurekebisha uwashaji.