Nyumba namba 14

Alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi 31. Nilizihesabu mbele yake, kwa sababu mtu akikukabidhi miaka miwili ya maisha yake ni haki yake aone ukiihesabu. Barua, picha za maji yakiwa yamejaa sebuleni, risiti ya godoro. Nyingine zilikuwa zimeshalowa na kukauka, zimekunjamana kama ngozi ya ngoma.

“Mwanangu,” akaniambia, “hapa nimemaliza ofisi zote.”

Kwa miaka sita nilikaa kwenye dawati la kupokea malalamiko katika ofisi ya ombudsmani, yaani mchunguzi wa malalamiko ya umma. Kazi yetu ilikuwa kuwasikiliza wakazi wanaodai kwamba halmashauri yao imewatendea isivyo haki: taka zisizozolewa, vibali visivyojibiwa, mitaro iliyoziba. Leo namkumbuka mzee huyu kwa sababu jalada lake lilinifundisha jambo ambalo nadhani kila anayetaka kulalamika anapaswa kulijua kabla hajashika kalamu.

Malalamiko yake aliyaandika vizuri, kurasa nne kwa mkono. Kila kosa la halmashauri lilikuwamo. Mtaro nyuma ya nyumba umeziba, ametoa taarifa mara tisa, amejibiwa mara mbili, na majibu yote mawili yanasema mkaguzi alifika na kukuta mtaro uko wazi. Nilisoma mpaka mwisho, nikamwambia, “Mzee, umeeleza kila walichokosea. Hujaeleza kilichokupata wewe.”

Akanyamaza. Akatazama mikono yake. Kisha akasema mke wake anaugua baridi yabisi na hawezi kusimama mwenyewe. Mvua ikinyesha usiku, humwinua na kumlaza juu ya meza ya kulia chakula, halafu yeye hukaa kwenye kiti kumshika asianguke, hadi maji yapungue. Katika kurasa zote nne hapakuwa na neno hata moja kuhusu meza ile.

Watu wengi huliacha jambo hilo, nami naelewa kwa nini. Aibu inawazuia, au wanadhani ofisi inataka sheria na si machozi. Lakini ombudsmani hutafuta vitu viwili, na kimoja bila kingine hakimfikishi mbali: kosa katika utendaji, na madhara yaliyompata mtu kwa sababu ya kosa hilo. Kosa lenyewe laweza kuwa kuchelewa bila sababu, kutojibu barua, kuacha utaratibu ambao halmashauri imejiwekea yenyewe, kutunza kumbukumbu hovyo, kutoa maelezo ya kupotosha, au kubagua. Madhara anayajua mwenye nyumba peke yake. Asipoyasema, hakuna mpelelezi atakayeyakuta kwenye faili la halmashauri.

Swali la kwanza tulilomuuliza kila mtu lilikuwa hili: je, halmashauri yenyewe umeilalamikia rasmi, ikapata nafasi ya kujibu? Wengi waliondoka kwa hasira hapo, wakiona wanarushwa kama mpira. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ni ya haki, kwa sababu mengi humalizika hukohuko bila mtu kuhitaji mchunguzi. Ila nimeona ikitumiwa vibaya, ikawa ufagio wa kuondoa foleni mlangoni. Halmashauri ikikaa kimya muda wote uliopangwa, kimya hicho nacho ni lalamiko, na ofisi inapaswa kulipokea. Halafu kuna ukomo wa muda. England, kwa mfano, mlalamikaji hutarajiwa kufika kwa ombudsmani wa serikali za mitaa ndani ya miezi 12 tangu alipojua tatizo, ingawa panapokuwa na sababu nzuri muda huo unaweza kulegezwa. Kwa hiyo hata niliyemrudisha nilimwandikia tarehe aliyofika kwangu, nikagonga muhuri, nikampa nakala.

Mzee wangu alikwishapita hatua hiyo. Jalada likafunguliwa.

Halmashauri iliandikiwa, na hapa pana jambo dogo lenye uzito mkubwa: hatukuomba maelezo tu, tuliomba faili lenyewe. Maelezo huandikwa baada ya lalamiko na mtu anayejua kwamba analalamikiwa. Faili liliandikwa kabla. Lilipofika kutoka masijala lilikuwa jembamba, na ndani yake mlikuwa na fomu moja tu ya ukaguzi. Tarehe ipo, sahihi ipo, maneno matano: “Imekaguliwa. Mtaro uko wazi kabisa.” Juu, kwenye nafasi ya namba ya nyumba, paliandikwa 41.

Mzee anakaa namba 14.

Namba 41 iko juu ya mlima, maji hayatuami huko. Mkaguzi alikwenda kweli, akaangalia kweli, akaandika ukweli wa nyumba nyingine. Kila ofisa aliyefuata alifungua faili, akaona fomu, akanakili jibu. Sikuona popote dalili ya nia mbaya, wala rushwa. Tarakimu mbili zilizopinduka ndizo zilizomlaza mama yule juu ya meza misimu minne ya mvua, kwa sababu hakuna aliyerudi kuisoma fomu yenyewe.

Si kila jalada huishia hivyo. Halmashauri ikifuata utaratibu wote, ikapima yanayostahili kupimwa, kisha ikaamua kuanza na mtaro wa mtaa wa pili, ombudsmani hana la kuibadilishia uamuzi huo, hata kama wewe na mimi tungeamua vingine. Anaangalia njia iliyotumika kufika kwenye uamuzi. Kuwaambia watu hivyo, uso kwa uso, ndiyo sehemu ya kazi iliyoniumiza kuliko zote.

Rasimu ya matokeo ilipelekwa pande zote mbili kabla ya kutiwa sahihi. Tafadhali, ukipata rasimu yako isome kwa kidole, mstari kwa mstari. Sisi tulikuwa tumeandika kwamba maji huingia kwa mlango wa mbele. Mzee akarudisha na alama ya kalamu: hapana, yanapanda kutoka ukuta wa nyuma. Kama asingesahihisha, mafundi wangetumwa mbele ya nyumba, na kalvati lililoziba nyuma lingebaki vilevile.

Tulipendekeza mambo manne: barua ya kuomba radhi, ukaguzi mpya ndani ya siku 14, fidia ya godoro, na kupitiwa upya kwa malalamiko yote yaliyofungwa kwa fomu ya ukaguzi isiyo na sahihi ya mkazi. Hilo la nne ndilo nililolipigania. Mtu mmoja aliyebeba mfuko hadi kwetu ana majirani ambao hawakubeba.

Watu huniuliza: mapendekezo hayo yana nguvu gani? Katika nchi nyingi si hukumu ya mahakama; halmashauri inaweza kuyakataa. Nguvu yake iko kwenye kuanikwa. Taarifa huwekwa wazi, madiwani wakaisoma, bunge likaisoma, na kiongozi akalazimika kueleza hadharani kwa nini anakataa kuomba radhi. Ndiyo maana Sweden ilipoanzisha ofisi hii mwaka 1809 iliiweka chini ya bunge na si chini ya mfalme. Tanzania ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, England ikatunga sheria ya mchunguzi wa serikali za mitaa mwaka 1974, na popote pale swali la kwanza kuhusu ofisi kama hii huwa hilohilo: inawajibika kwa nani? Ikiwa kwa yule inayemchunguza, wananchi hugundua upesi sana.

Halmashauri ile ilikubali yote manne. Siku barua ya radhi ilipotoka, mzee alikuja nayo dawatini kwangu, bado imo ndani ya bahasha. Miwani yake ilikuwa imevunjika. Akapiga simu nyumbani, akaiweka mezani kati yetu, akaniomba nisome kwa sauti ili mkewe asikie. Nikasoma hadi mwisho. Upande wa pili palikuwa kimya, kisha mama akasema, “Mwambie arudie pale wanapotaja namba ya nyumba.”

Nikarudia.